Chai ya Saa Nne

Hakuna aliyewahi kugoma katika lile shamba la mbegu nje ya Kitale, na ungeuliza sababu ungeambiwa ni chai. Kila siku saa nne king'ora kililia, watu wakaacha majembe na kupanga foleni mbele ya jiko, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Ilikuwa chai ya maziwa, tamu kupita kiasi, na ndani yake kulikuwa na dawa ya maji ambayo kampuni iliiita Tulizo. Wala haikufichwa. Ukutani walibandika bango: Kunywa, Tulia, Furahi. Asiyetaka kunywa alifukuzwa kazi. Waliokunywa walilima wakiimba, na mshahara ulipochelewa waliimba vilevile. Wakubwa walikuja na magari yao kutoka mbali kuona maajabu hayo, wakarudi wakisema nchi nzima ingefaa kunyweshwa.

Aliyesimamia mambo hayo yote alikuwa meneja, Mukhisa, mtu wa Kimilili, mnene wa shingo na mpole wa sauti. Yeye mwenyewe hakuionja hiyo chai. Alikuja na ya kwake kutoka nyumbani, akainywa ofisini huku mlango uko wazi, maana alijua hakuna wa kumkasirikia. Na kweli hakuna aliyemkasirikia.

Khakasa alikunywa chai hiyo miaka kadhaa pamoja na binti yake, Naliaka. Walikuwa wametoka Bumula, nyumbani kwa Walubengo, mume wa Khakasa, wakaja kutafuta riziki. Mwaka wa 2006, wakati wa palizi, Naliaka akaanza kuumwa na tumbo. Mwili ulichemka. Mama alipomuuliza hali, binti alitabasamu akasema, "Niko sawa tu, mama." Mama naye akatabasamu. Wakakaa hivyo, wakitabasamiana kama wapumbavu, kutwa nzima na siku iliyofuata, na hospitali ilikuwa karibu, mwendo wa miguu tu. Ule wasiwasi unaomwinua mzazi kitandani, akambeba mtoto mgongoni na kukimbia bila viatu, Khakasa alikuwa amenyang'anywa. Naliaka akafa akiwa bado anatabasamu.

Mazishi kule Bumula yalikuwa aibu tupu. Wanawake waliingia bomani wakipiga nduru, mikono kichwani, wakamkuta mama wa marehemu ameketi kando ya jeneza anawapungia mkono na kuwauliza kama wameshakula. Kaburini alicheka. Udongo ulipokwisha kutupwa, Walubengo akamwambia mkewe, "Toka kwangu. Mtu anaweza chekelea mtoto wake hivi, huyo si mtu." Khakasa akasema asante, akaenda zake.

Dawa ilimtoka akiwa Bungoma mjini, stejini, ameketi juu ya gunia la mtu akingoja gari la Kitale. Hakuwa amegusa ile chai tangu aondoke shambani. Ghafla akaisikia sauti ya binti yake ikisema niko sawa tu, na safari hii akaisikia jinsi mama anavyopaswa kuisikia. Alianguka chini. Alipiga nduru hadi wauza ndizi wakaacha biashara zao wakamzunguka. Alilia mpaka machozi yakaisha, na yalipoisha kikabaki kitu kimoja tu ndani yake, hasira, na tena aliipenda. Akajipangusa vumbi, akapanda gari, akarudi Kitale kwa ajili ya Mukhisa.

Shambani alijifunza kuiweka chai mdomoni kisha kuitema kwenye leso. Alijifunza kutabasamu huku moyo unatokota. Alitabasamu vizuri kuliko wote, hata meneja mwenyewe akamwona.

"Mama Naliaka," Mukhisa alimwambia, akilitaja jina la marehemu bila hata kumeza mate, "wewe ni mfano kwa wenzako. Kutoka leo utakuwa jikoni."

Akamkabidhi na funguo za stoo ya dawa. Mtu akizoea kutochukiwa husahau kabisa kwamba anaweza kuchukiwa.

Kumtilia sumu kungekuwa kazi rahisi. Khakasa aliiwaza sumu mara nyingi akikoroga sufuria, kisha akaikataa. Mtu akishakufa haumwi tena, na yeye alitaka Mukhisa aumwe, aumwe sana, aumwe mahali pale pale alipoumwa yeye.

Nafasi ilikuja yenyewe. Mama yake Mukhisa alifariki kule Kimilili, na meneja akaamuru wanawake wa jikoni waende kupika kwenye matanga. Khakasa akaenda, chupa ya Tulizo ikiwa imefungwa kiunoni ndani ya leso. Asubuhi ya mazishi alimwona Mukhisa nyuma ya nyumba, peke yake, macho mekundu, mabega yanatikisika. Alimpenda mama yake, hilo halikuwa na ubishi. Khakasa alifurahi mno kuliona. Akamletea chai, akapiga goti kama inavyostahili kwa mfiwa.

"Pole, mzee. Kunywa kidogo upate nguvu ya kusimama mbele ya watu."

"Asante, Mama Naliaka. Mungu akubariki."

Akainywa yote.

Alipoitwa azungumze, yeye kifungua mimba, alishika maikrofoni akacheka. Aliwashukuru watu kwa kuja kwenye sherehe. Akauliza mbona kwaya haichezi. Mjomba wake alimpokonya maikrofoni, shangazi mmoja akamrushia kiatu, na wajomba wakatangaza mbele ya umati wote kwamba huyu asikanyage tena kwenye kaburi la dada yao. Mukhisa akawapungia mkono, akaingia kwenye gari lake na kuondoka akipiga mluzi. Khakasa alikuwa anaosha masufuria. Aliyaosha polepole, kwa raha zake.

Kesho yake, Jumatatu saa nne, meneja mzima alikuwa kwenye foleni na kikombe mkononi. Tulizo ilikuwa inamtoka, na kwa vile aliijua kuliko mtu yeyote, alijua pia kinachokuja nyuma yake. Khakasa akammiminia kutoka kwenye birika dogo lililokuwa pembeni. Mukhisa akanywa, akasimama kando akingoja, akangoja tena. Aliporudi, foleni ilikuwa imekwisha na sufuria kubwa ilikuwa imepinduliwa juu chini.

"Hii haina kitu," alisema.

"Iko na majani, maziwa na sukari. Si hiyo ndiyo chai, mzee?"

"Mama Naliaka, tafadhali. Fungua stoo."

"Stoo iko wazi. Chupa zote nilimwaga kwa choo asubuhi. Hiyo wamekunywa saa hii ndiyo ya mwisho."

Mukhisa akamtazama usoni, na pale pale tabasamu la Khakasa likaondoka. Hakulihitaji tena.

"Ni wewe," Mukhisa alisema. "Kimilili, ilikuwa wewe."

"Ni mimi. Nilizika mtoto wangu nikicheka. Nikaona nawe uonje."

Mukhisa akageukia wafanyakazi, akapaza sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake. "Mshikeni huyu mwanamke! Ameniharibia matanga ya mama yangu! Mshikeni!"

Walimsikia wote. Walisimama pale na vikombe vyao, wamejaa furaha kuliko siku yoyote, wakimtazama kwa mapenzi. Hakuna aliyekunja hata ngumi. Angewatoa wapi watu wa kumkasirikia mtu, na yeye ndiye aliyewatoa hasira? Nduta, mama mmoja wa kitalu cha miche, alimkaribia akampapasa mgongo.

"Ah, bosi, usijali bana," alisema akicheka. "Kesho utasikia poa. Hata sisi kesho tutakuwa poa."

"Kesho," Khakasa alisema, "watakuwa wamekumbuka kila kitu, mzee. Kila mtu na yake. Leo lia wewe kwanza."

Mukhisa akataka kujibu, lakini uchungu wa mama yake ulikuwa umeshamfikia. Akaanguka kwenye matope mbele ya jiko akimwita mama, mama, kwa sauti ya mtoto. Watu wakaanza kumwimbia na kupiga makofi. Khakasa akavuta kigoda, akaketi karibu, akaweka mikono mapajani na kumtazama. Hakutaka kukosa hata kidogo.