Kipimo cha Baba

Baraza la kijiji lilipitisha kanuni za nyaya, jenereta na mabomba bila ubishi. Tulipofika kwenye urefu wa milango, wajumbe wote wakanigeukia, utadhani nyumba zao nilizijenga mimi. Alizijenga baba yangu, fundi mwashi mfupi, aliyepima kila mlango kwa kichwa chake. "Nikipita mimi, mtu kapita," ndivyo alivyosema siku zote.

"Tazama, mwanangu," mwenyekiti akanionyesha kovu kwenye paji la uso. "Mlango wa chumbani kwangu huo."

"Si uiname!" nikafoka. Halafu nikanyoosha mkono kuiunga mkono kanuni ya kuinua milango, maana na mimi ninalo kovu langu.

Baba alininunia wiki nzima. Mlango wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa ofisi ya baraza, na siku ya kuufungua nilimleta kwa kumbembeleza. Wajumbe wakaingia, mwenyekiti mbele, na kila mmoja akainama kama alivyozoea. Baba akapita wima, kifua mbele.

"Mlango wameuinua," akaninong'oneza, "lakini vichwa bado ni vyangu."

Nikataka kumjibu, kumbe na mimi nilikuwa nimeshainama.