Sauti ya Chini Kabisa

Fundi cherehani alijifunza muziki kwa shangazi yake, mwalimu wa kwaya aliyestaafu. Kazi yao ilikuwa kusikiliza tu. Shangazi aliweka kwenye redio kanda ya kikundi chake cha zamani, akasema, "Anza na mapigo. Gonga meza." Baadaye fundi alifuata sauti ya juu peke yake, kisha ya kati, kisha ya chini, mpaka akawa anazitenganisha kama nyuzi.

Mchana mmoja aliacha kugonga ghafla.

"Shangazi, mliimba wangapi?"

"Watatu. Kwani vipi?"

"Kuna wa nne. Yuko chini kabisa, anachelewa kidogo."

Shangazi alizima redio. "Nimefundisha watu miaka yote hii nipate mmoja wa kuniambia hivyo. Nilidhani nimechanganyikiwa."

Fundi alisogeza sikio kwenye redio. Redio ilikuwa kimya, na ile sauti ya nne ilikuwa bado inaimba, taratibu, humo humo sebuleni.

Shangazi alimshika mkono huku akilia kwa nafuu. "Usiogope, mwanangu. Sasa tunaisikia wawili."

Walikaa hivyo, wameshikana mikono, mpaka wimbo ukaisha.