Hospitali ya Bwana Tabasamu

Siku hiyo nilishinda na hasira, na hasira, ndugu zangu, ni kazi ya kutwa isiyo na mshahara. Binti yangu Atuganile alikuwa amekuja kwangu Tukuyu kutoka Dar es Salaam, ameongozana na bwana mmoja aitwaye Deodatus, wakala wa kupeleka wagonjwa ng'ambo. Bwana huyo alikuja na suti kwenye tope letu, akanifungulia kitabu cha picha: hospitali yenye maporomoko ya maji ukumbini, samaki wa rangi nyuma ya kioo, na muuguzi aliyeinama kama anaomba msamaha. "Mzee, huu unaitwa utalii wa tiba," akasema. Nikamwambia mtalii ninayemjua mimi ni mzungu anayepanda mlima kwa hiari yake, na hata huyo hushuka analalamikia magoti. Hakucheka. Akaniuliza nasumbuliwa na nini, nikamjibu sina neno, namshukuru Mungu. Lakini chini ya mbavu zangu za kulia kulikuwa na kitu kinachochoma kama tofali lililotolewa tanurini sasa hivi, na kwa kuwa kuchoma matofali ndiyo kazi yangu, najua ninachosema. Kichwani nilikuwa na marehemu mke wangu, Tusekile. Yeye alipelekwa huko huko ng'ambo, akarudi anasifia shuka na maji ya machungwa, na mwezi haukuisha tukamzika. Deodatus akaondoka akitaka jibu kesho: naenda au siendi. Nikajilaza kwenye kiti barazani, jua bado liko juu ya migomba, nikaanza kuwalaani wakubwa wa nchi hii mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Kabla sijawafikia manaibu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea kwenye barabara laini kama mgongo wa paka, pande zote maua yasiyo na harufu, na mbele yangu jumba jeupe lililong'aa hata nikafinya macho. Pembeni yangu alikuwa bibi mfupi, kajifunga kanga mbili, anatembea kwa kunyata kama anayepita mbele ya wakwe. Nikamwuliza, "Wewe nani, bibi, na tangu lini tumefuatana?" Akajibu taratibu, "Mimi ni Adabu. Nimekaa mgongoni kwako tangu siku mama yako alipokufundisha kupokea kitu kwa mikono miwili. Huku ni ugenini, mwanangu, kwa hiyo nimeshuka nikuongoze. Shika neno langu moja tu: mgeni hasemi mboga haina chumvi." Nikaona ni neno jema, maana hata mimi nimelelewa hivyo. Nikamfuata kama ndama.

Langoni tukapokewa na mwenye jumba, Bwana Tabasamu mwenyewe. Ndugu zangu, yule bwana alikuwa na meno mengi kuliko mahitaji yake! Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanivisha shada la maua, akanivisha ndala za manyoya, akanipa maji ya machungwa, akanipiga picha, na yote hayo kabla sijapumua. "Karibu, mgeni wetu mpendwa! Hapa hatuna wagonjwa, tuna wageni!" Nikataka kumwambia kwamba mimi hasa ni mgonjwa, lakini Adabu akanifinya kiunoni, nikasema asante.

Tukapita kwenye baraza pana, na hapo nikakuta watu wangu, wale wale wakubwa niliokuwa nikiwalaani. Walikuwa wamelala kwenye viti virefu, matumbo yao yanapanda na kushuka kama mikate inayoumuka, kila mmoja na mtu wa kumpepea. Adabu akaninong'oneza majina: Mheshimiwa Kiburi alikuja kutibiwa mkoromo, Mheshimiwa Ulafi alikuja kupimwa uzito, na mwingine, Mheshimiwa Ubinafsi, alikuja kusindikiza jino la mwenzake. Damu ikanichemka.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikamwambia Kiburi, maana Adabu alikuwa hajaniachia. "Mbona mko wote huku?"

"Marahaba, mzee wangu. Tufanyeje? Huduma za kwetu mbovu mno. Muuguzi hakusalimii, anakuuliza tu umekuja na glavu?"

"Kweli kabisa. Na nani anasimamia huduma za kwetu?"

Mheshimiwa akajifuta maji ya machungwa mdomoni. "Mimi," akasema.

"Na huyu anayekoroma hapa?"

"Naibu wangu."

Nikainua ndala ya manyoya nimtandike nayo, Bwana Tabasamu akaruka katikati yetu na trei ya vitafunwa. Nikajikuta nimeshika sambusa badala ya ndala, nami nashukuru. Ndiyo nguvu ya nchi ile: mkono uliokwenda kupiga unarudi na kitafunwa.

Wakaniingiza wodini, nami sijawahi kuona wodi kama ile. Vitanda vimepangwa kwenye zulia, mapazia kama ya bi harusi, na kila mgonjwa ana bibi yake mdogo wa kanga mbili amekaa juu ya mto, kiganja kimeziba mdomo wa mgonjwa kwa upole kabisa. Kumbe kila mtu wa kwetu alikuja na Adabu wake! Ukutani kwenye kila kitanda kulikuwa na ubao wa nyuso tatu za kubonyeza. Uso unaocheka ulikuwa karibu na mkono, mkubwa kama sinia. Ulionuna ulikuwa juu kidogo, kama kitumbua. Na uso unaolia ulikuwa darini, mdogo kama punje ya ulezi, na ngazi hakuna. Bwana Tabasamu alipita kitanda hadi kitanda akiuliza, "Mnaendeleaje, wageni wetu?" Wote wakajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza, "Vizuriii!" Wakabonyeza sinia, kengele ikalia, naye akaandika kwa furaha: wamepona. Wawili kati ya hao waliopona walikuwa hawawezi kukaa.

Katika kitanda cha dirishani nikamwona Tusekile. Alikuwa mwembamba kama siku zile za mwisho, shuka imemfika kidevuni, anabonyeza ule uso unaocheka huku machozi yanamtoka.

"Mama Atu! Unafanya nini? Si unaumwa? Waambie!"

Akamsogeza bibi yake kidogo ili apate kusema. "Baba Atu, punguza sauti, unanitia aibu. Watu wamenitandikia, wamenipa maji ya machungwa, yule anayefagia ananiomba ruhusa kabla hajapitisha ufagio chini ya kitanda. Kwetu nani aliwahi kuniomba ruhusa? Nitawaambiaje watu wema kama hawa kwamba dawa yao haijafika panapouma?"

"Lakini utakufa!"

"Afadhali nife nimesema asante," akasema, akatabasamu kidogo. "Nawe acha kufoka. Uliponipigia simu uliniuliza hali, nikakujibu nini?"

"Nzuri."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Mungu ni mkubwa. Kisha nikakuuliza bei ya viatu huko."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani kilichokuwa kikinitoa hasira hata niwe nimevimba kiasi gani. Nilipotaka kumshika mkono, pazia likajifunga, na nilipolifungua kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, hakina hata mkunjo. Nikalia, ndugu zangu, mzee mzima na shada la maua shingoni.

Nikaona nimebebwa mimi sasa, nalazwa kwenye kitanda kile kile. Kando yangu alisimama daktari mrefu, mikono yake mizuri kama ya fundi seremala, ameitia mifukoni. Jina lake Ustadi. Nikamfokea: "Una mikono hiyo na mke wangu amekufa?" Akajibu kwa huzuni, "Mzee, mimi nina mikono, sina ramli. Aliniambia hajambo, nami mwenye nyumba amenikataza kuwasumbua wageni." Bwana Tabasamu akawahi, "Unaendeleaje, mgeni wetu?" Nikafungua mdomo niseme naungua. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Vizuri, nashukuru." Kengele! Vigelegele! Wakanivua ndala, wakanipiga picha ya kuagana, wakanisukuma kuelekea mlangoni huku tofali langu linawaka ubavuni kuliko jana.

Mlangoni alikuwa amekaa mwanamke mwenye uso mkavu, hana kiti, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Hakuinuka wala hakunipa kitu. "Mimi ni Kweli," akasema. "Jumbani kwa Tabasamu sina chumba, na hospitali ya kwenu walinifukuza siku nyingi. Nisikilize, Anyitike. Watu wenu hutakiwa kuulizwa mara mbili. Swali la kwanza ni la salamu, na anayelijibu ni Adabu, ndiyo haki yake, mwache. La pili ndilo langu. Huku wanauliza mara moja, kwa sauti tamu, wanaandika. Kwenu hawaulizi hata hiyo moja. Sasa wewe, unaumwa wapi?"

"Sijambo," nikasema.

"Nakuuliza tena. Unaumwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Adabu akarukia, akauziba kwa viganja vyote viwili, analia, "Usiniaibishe ugenini!" Mungu anisamehe, nilimng'ata kidole yule bibi, nikamng'ata hasa.

Nikaamka na kola ya shati mdomoni. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba, na Atuganile ananiwekea chai kwenye stuli.

"Baba, chai. Unajisikiaje?"

"Vizuri, mwanangu."

"Haya." Akageuka kuingia ndani.

Pale nikatambua kwamba kama binti huyu ataupita mlango ule, mimi nimeshapona kama walivyopona wale wawili wa wodini.

"Atuganile! Rudi hapa uniulize tena."

"Nikuulize nini tena, baba?"

"Hilo hilo. Uliza."

Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyepanda kitandani. "Haya, baba. Unajisikiaje?"

"Vibaya." Nikamchukua mkono, nikauweka chini ya mbavu. "Hapa. Panawaka, usiku silali. Nipeleke ng'ambo au nipeleke hospitali ya mkoa, yote sawa kwangu, wakubwa nitawalaani nikiwa popote. Ila twende wote, na kila wakiniuliza nikajibu vizuri, wewe waambie waulize tena."

"Baba! Na mchana yule bwana alikuuliza mbele yangu, ukasema huna neno!"

"Mchana," nikamwambia, "nilikuwa na adabu."