Matusi ya Gare ya Kolwezi

Kazadi na Nkulu walifundisha fizikia katika shule moja pale Kolwezi, na kwa miaka mitatu walifichana madaftari kama wake wenza wanaofichana chungu. Sababu ilikuwa nyota moja. Padre mmoja aliwaletea majarida ya zamani kutoka Ulaya, na kila mmoja akajichagulia upande wake. Kazadi alichukua vipimo vya mahali nyota ile ilipoonekana mwaka hadi mwaka, jinsi ilivyoyumba kidogo pembeni. Nkulu alichukua vipimo vya rangi ya mwanga wake, vinavyoonyesha kama nyota inatujia au inarudi nyuma, na kwa kasi gani. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinaizunguka na kuivuta. Kazadi alisema ni nyota ndogo, Nkulu alisema ni sayari. Kujua uzito wake kulitaka vipimo vya pande zote mbili, na hakuna aliyekubali kuonyesha vyake kwanza.

Mwaka 1993 watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga. Kazadi alizaliwa Musonoi, hapo hapo Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona, ila jina la babu yake lilitosha. Yeye na mkewe Mbombo walikaa wiki tano kwenye uwanja wa gare, yaani stesheni ya reli, pamoja na maelfu, wakingoja treni. Vijana wa chama kilichoongoza ufukuzaji huo walilinda lango na kumpiga mtu yeyote wa mji aliyewaletea wafukuzwa chakula au barua. Nkulu, Muluba wa Katanga asiyeguswa na ufukuzaji, hakwenda kumwona. Aliogopa, na alijionea aibu.

Siku treni ilipofika, alivaa koti lake la shule akaenda. Aliwaambia vijana wa langoni kwamba ana maneno ya kumwambia yule Mukasai kabla hajaondoka. Wakampisha kwa furaha. Alisimama mbele ya rafiki yake na kusema kwa sauti ya darasani:

“Kazadi, myaka kumi na moya uko unazunguluka hapa. Sasa basi. Mi nahesabu segonde moya tu, ukuwe metre mia tano mbali na mi.”

Vijana wakacheka, mmoja akapiga makofi. Mbombo, aliyempikia Nkulu ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo Jumapili nyingi, akatema mate chini. Kazadi akavitambua vipimo vya Nkulu vilivyofichwa ndani ya matusi. Nyota inamaliza mzunguko kwa miaka kumi na moja; kasi yake ni mita mia tano kwa sekunde. Akainuka kutoka juu ya mizigo.

“Na weye, tata Nkulu,” akajibu, “angalia venye unasimama. Umeinama degre makumi sita, sawa mulevi wa lutuku.”

Huo ndio ulikuwa mwinamo wa njia ya kile kitu angani, kutoka vipimo vya Kazadi. Nkulu aligeuka haraka. Vijana walidhani amekasirika. Kumbe machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Treni iliharibika karibu na Lubudi, ikasimama siku mbili. Hapo Kazadi akakokotoa hesabu nyuma ya cheti cha ndoa, karatasi pekee iliyobaki, huku akicheka peke yake. Mbombo alidhani akili imemruka. Alipoelezwa, akauliza kama sayari ilishinda. Kazadi akasema hapana, wala nyota. Kitu kile kilikuwa na uzito wa Jupita arobaini na sita: kizito mno kwa sayari, chepesi mno kuwaka kama nyota. Walikuwa wamekosea wote wawili.

Nkulu naye alipata arobaini na sita. Alimwandikia Kazadi kupitia misheni ya Mwene-Ditu, kule Kasai, akaomba radhi kwa wiki zile tano, na ukurasa uliofuata akapendekeza jina lake mwenyewe litangulie kwenye makala watakayoandika pamoja kuhusu nyota ile. Kazadi alimsamehe wiki tano. Jina, hapana. Barua zilikwenda na kurudi mwaka mzima, hadi Mbombo alipochoka, akanakili makala kwa mkono wake, akapanga majina kwa alfabeti na kuituma Ulaya bila kumwambia mtu.

Ilipochapishwa, Nkulu aliona K imetangulia N. Akamwandikia Mbombo kwamba wizi huu ni mzuri, na kwamba anaomba kujua jinsi anavyopika ile sombe ya Jumapili.