Pazia la Habaryar Barwaqo

Ikiwa kweli hakuna mtu wa Garissa anayekula samaki, ni nani basi aliyekuwa akiwamaliza samaki wa mama yangu mdogo kila Alhamisi?

Swali hilo lilinisumbua likizo nzima. Habaryar Barwaqo, kama tumwitavyo mama mdogo kwa Kisomali, ana mkahawa hapa mtaa wa Iftin. Mbele huuza wali na nyama ya mbuzi. Nyuma, penye mlango wa uchochoroni, ametundika pazia la buluu lenye maua makubwa. Lori huleta changu wa pwani wakiwa katika barafu, na ikifika alasiri hubaki miiba tu. Nilipomuuliza wateja wa nyuma ya pazia ni akina nani, alicheka.

"Wewe soma lishe yako chuoni, Hamda. Nikianza kutaja watu, Alhamisi ijayo nitakula samaki peke yangu."

Kisha ukaja mkutano, siku ya Alhamisi. Afisa kutoka Nairobi alifika kukusanya maoni juu ya rasimu ya sera ya taifa ya chakula, nami nikajitolea kuwa katibu, kwa maana naamini kwa dhati kwamba sera njema hupatikana watu wanapoketi pamoja na kusemezana. Sura moja ya rasimu ilihusu samaki, na miji iliyowataka ingependekezwa kujengewa vyumba vya baridi. Habaryar alikihitaji mno chumba hicho. Joto letu lilikuwa likimharibia mzigo, na alikwisha niambia kwamba asipokipata, ataacha kuuza samaki.

Maalim Hared, mwenyekiti wa wazee, alisimama wa kwanza.

"Sisi ni watu wa ngamia," alisema. "Samaki ni chakula cha mtu aliyepoteza mifugo yake. Andika, binti yangu: Garissa haitaki."

"Mimi hata harufu yake hunitia homa, wallahi!" akaongeza Ahmednoor, mfanyabiashara wa mbuzi.

Makofi yakapigwa. Afisa alikuwa tayari akifunua ukurasa wa sura inayofuata. Habaryar, aliyekodiwa kutuletea chakula cha mchana, alinikazia macho kutoka mlangoni.

"Adeer," nilimwambia Maalim kwa heshima, "huenda yupo mwenye maoni tofauti anayeona haya kuyasema mbele za watu. Tukitundika kitambaa pale pembeni, kila mtu aingie nyuma yake kwa zamu na kusema bila kuonekana, haitakuwa haki zaidi?"

"Wazo zuri. Nitaanza mimi, nirudie yaleyale."

Sijui Habaryar alikimbia vipi, lakini alirudi na pazia lake la buluu kabla sijamaliza kumshukuru Maalim. Alilitundika kwenye kona, karibu na dirisha. Nyuma yake akaweka kigoda, birika la maji na beseni. Nje ya dirisha hilo alikuwa amewasha jiko, na mafuta yalianza kuchacharika. "Chakula cha mchana," alininong'oneza, nami kwa ujinga wangu nikaamini kuwa ni mbuzi.

Maalim Hared akaingia nyuma ya pazia. Tulisikia kigoda kikilia. Tukasikia maji yakimiminwa mikononi. Kisha ikaja sauti yake, ya upole ambao sijawahi kuusikia darasani kwake:

"Barwaqo, leo usiwakaushe sana. Na ndimu mbili, kama kawaida."

Ahmednoor akaruka kutoka kitini, uso umemvimba kwa hasira.

"Kumbe ni wewe unayemaliza ndimu!"

Kicheko kilichofuata kilimfanya afisa aangushe miwani.

"Na homa je, Ahmednoor?" akauliza mama mmoja wa safu ya mbele, Bi Timiro.

"Imepoa kidogo," akajibu, akaketi polepole.

Maalim alitoka mikono ikimtiririka maji. "Dini haijatukataza samaki," alisema.

"Hakuna aliyesema imetukataza, Maalim," akasema Bi Timiro. "Ni wewe uliyesema ni chakula cha aliyepoteza mifugo. Ngamia wako wako wapi?"

"Wako Bura. Wazima."

"Alhamdulillahi. Basi tuzungumze."

Tukazungumza, safari hii kwa kweli. Bi Timiro alitaka samaki wafike shuleni, ila akaogopa miiba kooni mwa watoto. Ahmednoor alitaka iandikwe kwamba fedha za samaki zisichotwe kwenye visima vya mifugo. Maalim mwenyewe ndiye aliyeomba chumba cha baridi, akasisitiza kiwe kikubwa. Niliandika hadi kidole kikauma, na afisa akasoma yote kwa sauti, wakakubali.

Ndipo Habaryar alipolishusha pazia, akalikunja na kulitia kwapani.

"Sikilizeni," alisema. "Kuanzia Alhamisi ijayo, mlango wa uchochoroni nimeufunga. Anayetaka samaki ataingia kwa mbele, ataketi kwa mbele, na ndimu atagawana na mwenzake."