Moshi Juu ya Namba Thelathini na Tisa

Daktari Mahrokh Dastgheib alikuwa ametumia miaka kumi na mmoja kutengeneza kemikali moja, na asubuhi ile Profesa Kiumars Nikpur akamwambia afunge mdomo.

"Jumamosi wagonjwa kumi na wawili wanaanza kuitumia," alisema profesa, donge la sukari limebanwa menoni, chai mkononi. "Hospitali imeshajiandaa. Unataka nikawaambie nini?"

"Kwamba haifanyi kazi. Watu wanatetemeka kwa ugonjwa mpaka kijiko kinawashinda, na mmewaambia waache dawa zao kwa ajili ya hii."

Kati ya kemikali sitini alizounda Mahrokh katika maabara ile ya Shiraz, namba thelathini na tisa pekee ndiyo iliyozuia seli za ubongo wa panya zisiuawe na sumu. Siku ilipotoka, nyeupe na ya kung'aa, profesa alimwita Bi Sedighe, mama wa chai, aifukizie mbegu za espandi watu wasije wakaitia kijicho. Nani angeshangaa? Shiraz nzima hufukiza: mtoto akizaliwa, gari likinunuliwa, binti akiposwa. Basi kila Jumatano Bi Sedighe alizungusha chetezo mara saba juu ya sahani ulimoanikwa unga wa thelathini na tisa, mbegu zikipasuka motoni, naye akiwaapiza wenye macho mabaya. Zile nyingine hamsini na tisa hakuna aliyezionea wivu, kwa hiyo hazikufukizwa.

Makala zikachapishwa, jina la profesa likitangulia. Nishani akavaa yeye. Mahrokh alimeza yote hayo kwa sababu aliamini dawa imepatikana.

Kisha Bi Sedighe akaenda kuzuru Mashhad wiki tatu. Unga uliotengenezwa wiki hizo haukuokoa hata seli moja. Mahrokh alirudia mara nne, akijilaumu kwamba mkono wake umekosea. Mara ya tano alikumbuka chetezo, akachukua chumvi, akaifukizia espandi, akaijaribu kwenye seli. Zikaishi.

"Chumvi, Profesa," alimwambia sasa. "Chumvi ya kutia kwenye wali. Ni moshi uliokuwa ukifanya kazi miaka yote hii. Na kiwanda kilichotengeneza vidonge vya Jumamosi hakifukizi kitu."

Profesa aliweka kikombe chini polepole. Hakushangaa hata kidogo, na hapo Mahrokh akaelewa kwamba mzee huyu alikuwa amekwisha kujua.

"Ikija kufahamika," alisema profesa, "tutasema mama wa chai alichafua sampuli bila ruhusa. Tutamfukuza, yataisha."

Bi Sedighe alikuwa mlangoni na sinia lake. "Mimi tena, Bwana Profesa? Si ulinituma mwenyewe? Ukaniambia na pembeni mwa sahani nisisahau."

"Hakuna aliyekuuliza."

"Kumbe moshi wangu ndio dawa?" Bi Sedighe alimgeukia Mahrokh.

"Hapana, mama. Moshi umesaidia seli za panya kwenye sahani. Hilo watafiti wenzetu walishaliandika zamani, na hakuna mgonjwa aliyepona kwa hilo."

"Kwa hiyo nimekuharibia kazi."

Mahrokh alimtazama yule mama, na damu ikamchemka. Watu watatu wa maabara ile wenye shahada za udaktari walikuwa wakipisha kile chetezo kila Jumatano ili kisiwaunguze, na hakuna aliyekiandika kwenye daftari. Leo wote wasafi, mchafu ni anayewapikia chai.

"Hukuharibu kitu," alisema. "Weka sinia, ukae. Naiandikia hospitali barua."

"Ukiiandika hiyo barua," profesa alisema, "hutapata maabara nyingine nchi hii. Umri wako unaujua."

"Naujua. Nimeumalizia hapa."

Aliandika palepale, kwenye meza ya profesa, kwa kalamu ya profesa. Kwenye chanzo cha kosa akaandika: Moshi ulipita mbele yangu kila wiki kwa miaka sita, nami sikuurekodi. Akatia sahihi yake peke yake, akaipiga picha, akaituma hospitalini.

Kabla ya adhuhuri jibu likaja: wagonjwa wote kumi na wawili wanabaki na dawa zao. Mahrokh alilisoma mara mbili. Kisha akainamisha kichwa mezani akalia, na hakuwa akiwalilia wagonjwa. Alikuwa akiililia namba thelathini na tisa, kwa hasira, na Bi Sedighe akamshika bega.