Kiganja cha Shemeji

Rafiki yangu Brashi alianza kupofuka mwaka uleule nilioanza kusoma. Mimi ni dobi, nywele zimeshaingia mvi, na darasa letu la jioni lilikuwa nyuma ya kanisa, pamoja na mlinzi mmoja na akina mama wauza mboga. Brashi alikuwa ameandika kwa mkono wake karibu nusu ya mabango ya mji ulio ng'ambo ya daraja. Nilimshukuru Mungu kwa herufi zangu, kisha nikaona haya, maana nilichokuwa napewa mimi, mwenzangu alikuwa ananyang'anywa.

Jumamosi moja alikuja dobini akasimama mlangoni.

"Leo unanitembeza mjini, mwanafunzi. Nataka kuugusa ukuta wa saluni ya shemeji yako."

Shemeji, mke wake, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Bango la saluni yake Brashi aliliandika ukutani wiki waliyooana. Rangi ikiwa bado mbichi, bibi harusi akaegemea ukuta, kiganja chake kikabaki pale chini ya maandishi. Brashi alikataa katakata kukifuta. Badala yake alikizungushia mstari wa rangi ya dhahabu, na kila mwaka aliurudia, rangi juu ya rangi, mpaka ukainuka kama mshono. Ungeweza kukipapasa gizani. Tangu macho yamwishie hakuwa amefika.

Tulivuka daraja, mkono wake begani kwangu. Mji ule tunaujua kama mifuko yetu, lakini mimi sikuwahi kuusoma.

"Haya, soma."

"Du-ka la da-wa."

"Hilo langu! Ile D bado ina tumbo?"

"Kama la mwenye duka."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikasoma kinyozi, nikasoma fundi saa, nikasoma hata "Usikojoe hapa" kwenye ukuta wa ghala. Kila nilipokwama alisubiri, hakunimalizia neno hata mara moja.

Tulipokata kona ya mtaa wa saluni, nikaona. Ukuta ulikuwa umebandikwa vigae vyeupe kuanzia chini hadi juu ya mlango, na juu yake limetundikwa bango la plastiki. Nikaomba moyoni, Bwana, nipe neno. Sikupewa. Kilichonijia ni ukuta wa jirani, uliokuwa na rangi ya zamani iliyobanduka na kufanya matuta. Nikaanza kumpeleka kule, taratibu.

Brashi alisimama.

"Mbona umenyamaza?"

"Koo limekauka."

"Tangu darajani umesoma mpaka marufuku ya mkojo. Mtaa huu una maduka chungu nzima, nami niliyaandika yote. Hujasoma hata moja." Mkono wake ukanibana bega. "Wamelifuta?"

"Wameweka vigae, ndugu yangu."

Aliniachia. Akanyoosha mikono mbele, akaenda peke yake mpaka kwenye ule ukuta wenyewe, bila kukosea. Alipapasa kuanzia juu, akashuka, akapiga magoti pale ambapo kiganja kingekuwa. Akabandika chake juu ya kigae, akakaa hivyohivyo. Midomo yangu ilikuwa inasali, lakini sijui nilisema nini.

Muuzaji alitoka dukani. "Mzee, unatafuta kifaa gani?"

"Hapana, mwanangu. Nimekosea mlango."

Muuzaji alitutazama, akarudi ndani. Brashi aliinuka, akajifuta magoti.

"Nisomee sasa pameandikwa nini."

"Acha, bwana."

"Nisomee."

Nikasoma: "Vipuri vya pikipiki, jumla na rejareja."

Aliitikia kwa kichwa. "Umesoma vizuri. Hukukwama."

Sifa hiyo nilikuwa nikiingoja kwake tangu siku ya kwanza ya darasa.

Tulirudi kwa njia ileile. Alinishika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, uliogusa kigae, aliukumbatia kifuani. Hakuniambia nisome, nami sikuthubutu. Nilimwomba Mungu anifumbe macho kidogo tu, hadi darajani, lakini herufi ukishazijua hazikuachi. Nilisoma kila kitu, kimyakimya, njia nzima, na D zote zilikuwa na tumbo.